Kalibu maalumu ya .30-06 Ackley Improved: uzoefu wangu

Yeyote anayefikiria kuagiza kalibu ya kutengenezewa maalumu, ya kurudisha maganda ya risasi katika kipimo chake, na asome haya kabla hajatoa fedha, kwa maana mimi nimeshalipa nyingi na donge halijanitoka rohoni.

Bunduki ninayowindia huku Montana imechongwa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, ya .30-06 Ackley Improved, risasi iliyobuniwa na P.O. Ackley, yule fundi bunduki wa Marekani aliyefanya kazi Utah. Haimo katika viwango vya viwanda, hivyo mwenye nayo hujaza risasi zake mwenyewe. Ukifyatua risasi ya kawaida ya .30-06 katika chemba hiyo, ganda linatanuka, na bega, ule mteremko ulio chini ya shingo ya ganda, lililokuwa na mwinamo wa nyuzi 17.5 linasimama kwa nyuzi 40. Kuanzia hapo kazi ya kalibu ni kulirudisha bega nyuma kidogo mno, inchi 0.001 au 0.002, ili komeo la bunduki, linaloifunga chemba kwa nyuma, lifunge bila kulazimishwa na ganda lidumu.

Kalibu za dukani za risasi hii zipo. Nilichagua ya maalumu kwa sababu mtengenezaji aliniomba nimpelekee maganda matatu yaliyofyatuliwa katika bunduki yangu, ili aikate kwa kufuata chemba yangu na si chemba ya kukisia. Hoja hiyo naiamini hadi leo, kwani mafundi hupishana kidogo wanapochonga chemba za Ackley, na ganda lililofyatuliwa ndilo shahidi wa kuaminika.

Ilipofika, feleji yake ilikuwa safi na ndani iling'aa kama kioo. Nikapaka ganda mafuta, nikalipitisha katika presi, nikalipima: bega lilikuwa limerudi nyuma zaidi ya inchi 0.010. Nilipoipandisha kalibu kidogo, bega lilikaa sawa, lakini sehemu ya chini ya ganda ilibaki nene na komeo likawa gumu. Nikatenga maganda machache ya majaribio, yale ambayo bega lilirudishwa mno, nikayatumia tena na tena, kisha nikaingiza ndani waya mwembamba uliopindwa ncha na kuukokota ukutani, juu kidogo ya kitako cha ganda. Ncha ikanasa katika mfereji. Kila anayejaza risasi anaijua maana yake: shaba imevutika na kuwa nyembamba, na ganda hilo likiendelea kutumika litakatika vipande viwili ndani ya chemba, huku gesi ya baruti ikitafuta njia ya kurudi usoni mwa mpigaji.

Hayo ningeyasamehe, kwani mkono wa fundi huweza kuteleza. Nisichoweza kusamehe ni yale mazungumzo ya simu. Yule bwana aliyeitengeneza hakuningoja nimalize. Alisema chemba yangu ndiyo iliyochongwa vibaya, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kupima. Nilimwomba kwa adabu apime yale maganda matatu niliyompelekea, akajibu kwamba yalishatupwa, kwa kuwa hakuna mteja anayeyataka tena. Maganda yale ndiyo yaliyokuwa mkataba wetu! Bila hayo, neno langu halina ushahidi, na lake pia.

Haki lazima isemwe. Baadaye nilinunua seti ya vishikio vya Redding, vile vipande vinavyolishika ganda kitako ndani ya presi, vinavyopishana kimo kwa inchi 0.002 hadi kufikia 0.010, ili ganda lisiingie mno katika kalibu, na kwa kile kirefu kuliko vyote bega sasa linatoka sawa ganda baada ya ganda, komeo limelainika, na shingo zimenyooka kuliko nilivyowahi kupata kwa kalibu ya dukani. Kwa shabaha peke yake, ningesema inunueni.

Lakini hapana, siwezi. Sikulipa bei ile ili nikanunue kifaa kingine cha kuficha kasoro ya kwanza, wala sikulipa ili niulizwe nimefundishwa na nani. Nunueni ya dukani, na anayelazimika kuagiza maalumu ayapime maganda yake kabla ya kuyatuma, aandike vipimo, na abaki na ganda jingine lililofyatuliwa katika chemba ileile. Nimemwandikia mtengenezaji kudai nirudishiwe fedha zangu, na hadi sasa hajanijibu.