Uzoefu wangu wa kutafuta ziwa la kuvulia na watoto: maji matatu, moja ndilo lililofaa

Jumamosi ya kwanza saa nne asubuhi tulikuwa tumesharudi nyumbani. Mdogo analia, dada yake ana tope hadi kiunoni, na mimi nimebakiwa na ndoana mbili kati ya kumi na mbili. Ziwa lenyewe lilikuwa zuri, silikatai. Kila niliyemuuliza alinitajia hilohilo, kwamba lina samaki wakubwa na maji maangavu. Ila hakuna aliyenidokeza kuwa ukingo wake karibu wote ni matete, na pale matete yanapokatika pana mteremko wa mawe unaotumbukia moja kwa moja kwenye kina. Mtu mzima anavua pale bila taabu. Mtoto wa miaka mitano pale ni wa kushikwa mkono muda wote, sasa fimbo utaishika na nini? Nyota moja, nayo ni ya mandhari.

Safari ya pili nikaona bora nilipe. Tukaenda kwenye bwawa la kufugia samaki ambako unapewa fimbo, chambo na kiti. Ukingo umesawazishwa na kivuli kipo. Samaki hawakosi: chambo kilizama, dakika haikuisha, boya likavutwa. Kwa nini basi sikurudi? Kwanza, mhudumu alifanya kila kitu yeye. Alitia chambo, akarusha, akamchomoa samaki, watoto wangu wakawa watazamaji. Pili, kambare aliyemkamata mwanangu alikuwa mkubwa kuliko mkono wake. Fimbo ilipopinda akaiachia na kukimbia nyuma yangu, na mpaka tunaondoka hakuigusa tena. Tatu, utaratibu wa pale ni kwamba ukishavua, samaki ni wako na unapimiwa kwa kilo. Kumrudisha majini hairuhusiwi. Lisome hilo kabla hujaketi, maana mimi nililijua kwenye mizani. Nyota tatu.

Hapo nikaacha kuuliza "wapi kuna samaki" nikaanza kuuliza "wapi kuna ukingo". Nilifungua ramani ya simu, nikaweka picha za setilaiti, nikaanza kutafuta vidimbwi na maziwa madogo pembezoni mwa mji. Nilitaka njia ya miguu inayopita jirani na maji, nyasi fupi, na miti upande mmoja tu, kwa sababu mti ulio nyuma ya mtoto anayejifunza kurusha utameza ndoana zote. Pia nilikwepa mahali penye nyaya za umeme juu, maana fimbo ndefu, hasa ya kaboni, ikigusa waya ni maafa.

Nilipata ziwa dogo ndani ya bustani ya wazi. Sikubeba watoto siku hiyo. Nilikwenda peke yangu jioni, mikono mitupu, nikazunguka. Kibao cha masharti kilieleza panaporuhusiwa kuvua na nani anahitaji kibali. Sehemu moja ya nyasi ilikuwa imekanyagwa hadi udongo ukaonekana, ishara kwamba kuna wanaokaa hapo na hawakai bure. Nilipochungulia majini nikaona vishimo vya duara kwenye mchanga, kama mtu amebonyeza sahani. Hayo ni makazi ya perege. Madume huyachimba kwenye maji mafupi wakati wa kuzaliana na kuyalinda. Sikuwatupia chambo waliokuwa juu ya vishimo, lakini nilijua samaki wapo hatua chache tu kutoka nchi kavu.

Tulirudi Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado laini. Vifaa vilikuwa vya kitoto kweli: fimbo nyepesi isiyo na gurudumu la kukunjia mshipi, mshipi umefungwa nchani, boya dogo, chubwi (kizito cha kuzamisha chambo) kama punje, na ndoana namba 12. Namba ya ndoana ikipanda, ndoana inapungua, na mdomo wa perege ni mdogo. Kijino cha ndoana nilikuwa nimekibana kwa plaizi kikalala, ili ikimchoma samaki au kidole itoke bila vita. Chambo kilikuwa tonge la mkate lisilozidi njegere, nusu mita chini ya boya. Kila mmoja kavaa jaketi la kuokolea, hata pale ambapo maji yanafika magotini.

Dakika kumi za mwanzo, kimya. Mwanangu alikuwa anaruka-ruka ukingoni, na samaki huhisi mtikisiko huo majini. Nikamwambia tutembee kama paka, akapenda mchezo huo kuliko uvuvi wenyewe. Boya likatikisika, likatulia, likatikisika tena. Binti akataka kuvuta. "Subiri lizame," nikamwambia. Likazama. Akanyanyua perege wa urefu wa kiganja, magamba yanang'aa, mapezi ya mgongoni yamesimama. Nikamlowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga samaki. Alimshika sekunde chache, akamuachia.

Kufikia saa tatu walikuwa wamepata saba kwa pamoja. Mdogo alivua wawili, muda uliobaki akaokota mawe, na sikumlazimisha.

Kasoro zipo. Magugu maji yamefunika upande wa mashariki, ukirusha huko utatoka na kachumbari. Jua likishapanda samaki wanahamia kwenye kina na boya linakuwa pambo. Na choo kiko ng'ambo ya pili ya ziwa, mwendo wa robo saa kwa miguu mifupi. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano, hicho ndicho kilichokula nyota ya tano. Nimeipa nne.