Ripoti ya shule ya jimbo: nyota nne kutoka kwa mzazi aliyeisoma hadi chini

Kama una mtoto wa shule ya msingi hapa Marekani na unatafuta nyumba, fungua ripoti ya shule inayotolewa na idara ya elimu ya jimbo lako kabla hujasaini mkataba wa pango. Ni bure, haikudai jina wala akaunti, na sheria ya elimu ya mwaka 2015 inalilazimu kila jimbo kuitoa. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia, na sababu kubwa ni lugha.

Wengi wetu hatufiki huko. Tunaishia kwenye tovuti za nyumba, ambako chini ya kila tangazo kuna alama ya shule, 1 hadi 10. Nyingi ya alama hizo hutoka GreatSchools, asasi iliyoanza 1998. Kama pa kuanzia, hazina ubaya. Lakini wastani wa mtihani hufuata sana mifuko ya wazazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Sean Reardon wamelinganisha matokeo ya shule za umma nchi nzima, na ndivyo walivyoona: wastani unakwenda na kipato cha familia, ila kiasi watoto wanachojifunza mwaka hadi mwaka, yaani ukuaji, hakifungamani sana na kipato. GreatSchools wenyewe mwaka 2020 walibadilisha hesabu zao na kuupa ukuaji huo uzito zaidi.

Shule ya mtaa wetu ilikuwa na 3. Jamaa walinisihi nihame, tena kwa mapenzi ya kweli. Nikaifungua ripoti ya jimbo. Juu kabisa ilithibitisha hofu yao: waliofikia kiwango katika kusoma hawakufika nusu. Nikashuka hadi sehemu ya ukuaji, ambayo watu wengi hawaifikii kwa sababu iko ndani zaidi, na pale nikakuta shule iko juu ya wastani wa jimbo katika kusoma na katika hesabu pia. Yaani mtoto anayeingia darasa la nne akiwa nyuma, mwaka ukiisha pengo limepungua. Shule ya ng'ambo ya barabara kuu, yenye alama ya 8, ukuaji wake ulikuwa chini ya wastani. Watoto wanaingia wakiwa wazuri, na shule haiwasogezi mbali. Mwanangu nilimwacha alipo.

Ukiusoma ukuaji, kumbuka mitihani ya jimbo huanza darasa la tatu. Kwa shule inayoanza chekechea hadi darasa la tano, ukuaji huonekana kwa darasa la nne na la tano tu, maana lazima kuwe na mtihani wa awali wa kulinganisha. Walimu wa madarasa ya mwanzo, wanaofundisha mtoto kushika penseli na kuunganisha herufi, kazi yao haimo humo.

Sasa mistari ya aina za wanafunzi, ambayo watu huisoma vibaya kuliko yote. Wa kwanza ni wa kipato. Kwa miaka mingi shule zimepima umaskini kwa chakula cha mchana: familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini (kipato ambacho chini yake serikali huihesabu familia kuwa maskini) hula bure, na isiyozidi 185 hulipa kidogo. Kisha sheria ya 2010 ikaruhusu shule zenye wahitaji wengi kulisha watoto wote bure bila fomu, na mwaka 2023 masharti yakalegezwa zaidi. Kwa hiyo ukikuta shule imeandikiwa asilimia 100 kwenye mstari huu wa kipato, usishtuke kwamba kila nyumba ni fukara. Huenda ni kwamba kila mtoto anakula.

Mstari wa rangi nao unachanganya. Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mtoto ambaye familia yake iko hapa tangu enzi za mababu wa mababu wanahesabiwa pamoja, Weusi. Mahitaji yao darasani hayafanani hata kidogo. Kwa watoto wetu, nenda kwenye mstari wa wanaojifunza Kiingereza. Hapo pia tulia. Matokeo yao karibu kila mahali huwa ya chini, kwa sababu mtoto akishakimudu Kiingereza anatolewa kwenye kundi; baadhi ya majimbo humhesabu humo hadi miaka minne zaidi, ila kundi hupokea wageni wapya kila mara. Kipimo cha haki kwao ni maendeleo ya Kiingereza chenyewe: wangapi wamepanda mwaka huu katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Sheria inataka kipimo hicho kiwepo. Kitafute mpaka ukione.

Angalia pia utoro sugu, yaani waliokosa asilimia 10 ya siku au zaidi. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, na ruhusa haizipunguzi.

Nyota niliyoizuia: ripoti ya jimbo letu ina kitufe cha Kihispania, Kiswahili hakuna, wakati wazazi wanaoihitaji zaidi ndio wasiosoma Kiingereza. Hili linaniuma. Lakini mjue kwamba shule ina wajibu kisheria, chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, kuzungumza nanyi kwa lugha mnayoielewa. Ombeni mkalimani, msimtumie mtoto. Kero nyingine ni ndogo: takwimu ni za mwaka uliopita, na kundi likiwa na watoto wachache namba zake hufichwa.

Ukimaliza kusoma, nenda ofisini kwa shule ukaulize watoto wanaojifunza Kiingereza wanasaidiwa saa ngapi, na kama wanatolewa darasani, wanakosa somo gani. Kwetu mwalimu wao huingia darasani wakati wa hesabu na kuketi nao meza moja, hivyo hawakosi kitu. Hilo sikulikuta kwenye ripoti yoyote.