Begi laini la magurudumu kwa safari ya ndege: lipi linunuliwe, lipi liachwe

Begi laini la safari, lile la kitambaa kigumu lenye zipu ndefu juu ambalo kwenye maduka ya mtandaoni utalikuta likiitwa duffel, hupendwa kwa sababu linameza vitu. Viatu, koti na taulo ambavyo sanduku gumu lingevikataa, hili linavikubali. Likiongezewa magurudumu na mpini wa kuvuta, bega nalo linapumzika.

Ila magurudumu hayo yana gharama ambayo haiandikwi kwenye bei. Ekseli, mabomba ya mpini na bamba la plastiki la chini vyote ni uzito, na mizani ya kaunta haibagui kilo za begi na kilo za nguo. Begi la namna hii lisilo na magurudumu huwa na kilo moja na kitu. Lenye magurudumu hufika kilo 3 hadi 4 na nusu. Mashirika mengi ya ndege humpa abiria wa daraja la kawaida begi la kilo 23, kwa hiyo ukibeba begi la kilo 4 na nusu umebaki na kilo 18 na nusu za vitu vyako. Karibu moja ya tano ya haki yako imeliwa kabla hujaweka hata soksi.

Ndiyo maana mimi huuliza uzito wa begi tupu kabla ya rangi, kabla ya mifuko, kabla ya jina la kampuni. Muuzaji asiyeutaja, mwombe alipime. Orodha yangu ifuatayo nimeipanga kwa kipimo hicho kwanza, kisha kwa uimara wa upande wa chini.

La kwanza: magurudumu mawili, lita 60 hadi 80

Hili ndilo ningemnunulia ndugu yangu. Likijaa nguo na viatu vya kawaida huwa karibu na kilo 20, yaani linakuzuia lenyewe kabla mizani haijakuzuia. Pia linakaa ndani ya kipimo kinachotumiwa na mashirika mengi kwa begi la kupakiwa chini ya ndege: urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158.

Magurudumu mawili yanatosha. Rubani Robert Plath alipounganisha magurudumu mawili na mpini mrefu kwenye begi la kusimama mwaka 1987, alipata mfumo ambao mpaka leo unafanya kazi vizuri kwenye njia mbaya, kwa sababu gurudumu lisilozunguka huku na huko linaweza kuwa kubwa na kuzama ndani ya kona ya begi. Likitupwa, kinachogonga sakafu ni plastiki ya kona. Gurudumu linabaki salama.

Ukilipata dukani, lipindue kabla ya kulifungua. Tazama magurudumu yamefungwaje. Ukiona skurubu, ujue gurudumu likifa linaweza kubadilishwa. Ukiona limebanwa kwa ribiti tu, begi zima litakufa nalo. Lizungushe kwa kidole. Gurudumu zuri linaendelea kuzunguka kimya kwa muda, na bovu linakwaruza na kusimama. Kisha uvute mpini mpaka mwisho na uutikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini kama mabomba yanapinda ukiegemeza mkono, begi likiwa tupu, fikiria likiwa na kilo 20. Mtu mrefu atembee nalo hatua kadhaa: mpini ukiwa mfupi, begi linamgonga visigino.

Kitambaa kina namba yake. Utaona 600D, 1000D au 1680D, na namba hiyo ni gramu za uzi wa urefu wa mita 9,000, kwa hiyo kadiri inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Poliesta ya 600D inavumilia safari chache za mwaka. Kwa msafiri wa mara kwa mara ningetafuta nailoni ya 1000D hivi, au kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki usiopitisha maji, maana mizigo huachwa uwanjani mvua ikinyesha. Usikimbilie namba kubwa kuliko zote, kwani unene nao ni kilo.

Zipu ndiyo roho ya begi hili, kwa kuwa hakuna ganda gumu la kuisaidia. Tafuta namba 8 au 10, namba ambayo hukaribia upana wa meno yakiwa yamefungwa kwa milimita. Na ujue udhaifu wake: zipu ya meno ya nailoni hupasuliwa kwa ncha ya kalamu, kisha vichwa vyake vikipitishwa tena inajifunga kana kwamba hakuna aliyeigusa. Kufuli haizuii hilo. Dhahabu, fedha, kompyuta na hati zako zikae nawe ndani ya ndege.

La pili: lisilo na magurudumu, lenye mikanda ya mgongoni

Najua umekuja kutafuta magurudumu. Lakini kama safari yako inaishia kwenye ngazi, mchanga, matope au mashua, magurudumu yatakuwa mzigo juu ya mzigo. Hili linakurudishia kilo 2 au 3, linakunjwa na kuwekwa chini ya kitanda, na halina kitu cha kuvunjika. Shida yake ni moja: foleni ndefu ukiwa na kilo 20 mgongoni. Mwenye maumivu ya mgongo asilifikirie.

Kuna machotara yenye magurudumu pamoja na mikanda ya mgongoni. Yanavutia kwenye picha. Kabla ya kulipa, livae likiwa limejazwa usikie mabomba ya mpini yanavyokuchoma mgongoni.

La tatu: lita 35 hadi 40, la kuingia nalo ndani

Wengi wangeliweka la kwanza. Nimelishusha kwa sababu ya hesabu: mashirika kadhaa yana kikomo cha kilo 7 kwa begi la mkononi, na begi tupu la kilo 2 na nusu linakuachia kilo 4 na nusu. Kama shirika lako linaruhusu kilo 10 au zaidi, hapo linapanda daraja. Vipimo vya ndani hubadilika toka shirika hadi shirika, sentimita 55 kwa 40 kwa 20 ni mfano wa kawaida, na magurudumu pamoja na mpini vinahesabiwa. Kitambaa kinaweza kubonyezwa kiingie kwenye fremu ya kupimia, lakini upande wa magurudumu haubonyei hata kidogo.

La nne: lita 100 na kuendelea

Linafaa vitu vikubwa vyepesi, kama makoti, matandiko na vifaa vya michezo. Vinginevyo utalijaza kwa sababu nafasi ipo, kisha ulipie uzito wa ziada. Mashirika mengi hayapokei begi moja linalozidi kilo 32 hata ukilipa, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji.

La mwisho: magurudumu manne kwenye begi laini

Siliungi mkono. Magurudumu madogo yanayojitokeza nje ndiyo ya kwanza kukatika, na begi lisilo na umbo thabiti likijaa linaegemea upande mmoja na kuanguka.

Ukishalinunua

Vitu vizito viweke upande wa magurudumu, ama sivyo begi litapiga mweleka kila ukiuachia mpini. Ndani, mabomba ya mpini huacha mabonde; yajaze soksi na fulana zilizokunjwa kwa kuviringisha, ndipo uweke vingine juu. Cha kuvunjika kikae katikati, kizungukwe na nguo, maana kuta za begi hazitakilinda. Vimiminika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Betri za akiba na chaja za kubeba ni marufuku kwenye begi la kupakiwa chini. Ziingie nawe ndani, zisizidi saa-wati 100 (Wh, kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) kama hujapata ruhusa ya shirika.

Kaza mikanda ya kubana, toa mkanda wa begani uuweke ndani, na ncha zote zinazoning'inia uzichomeke, kwa kuwa mikanda ya mitambo ya mizigo huzikamata na kuzing'oa. Andika jina na simu yako kwenye lebo ya nje na kwenye karatasi ndani, halafu lipige picha kabla ya kulikabidhi.

Likirudi limechanika au gurudumu halipo, usitoke uwanjani. Nenda kaunta ya mizigo uandikishe ripoti na ubaki na nakala. Kwa safari za kimataifa zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya begi lililoharibika yapelekwe kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na kwa begi lililochelewa ni siku 21 tangu lilipokufikia.