Kamera ya hadubini kwa darasa la sayansi: ununue ipi, uache ipi

Wanafunzi hamsini, hadubini tatu. Kila mmoja anachungulia sekunde chache, anasema "nimeona, mwalimu", na mwalimu hana namna ya kujua kama ameona seli ya kitunguu au kiputo cha hewa. Kamera inanunuliwa ili wote watazame kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei mjini, angalia shule ina nini cha kuonyeshea. Walimu wa JSS (sekondari ya chini), fungueni stoo ya shule ya msingi: huenda laptopu na projekta za ule mradi wa kidijitali wa serikali ya Kenya ulioanza 2016 bado zimo.

1. Kamera ya USB ya kuchomeka mahali pa lenzi ya jicho

Penye laptopu, ningenunua hii. Unatoa lenzi ya juu, unatia kamera, basi. Pima kwanza kipenyo cha ndani cha mrija. Hadubini nyingi za shule ni milimita 23.2, zile za kutazamia wadudu wazima mara nyingi ni 30 au 30.5, na zitahitaji pete ya kujazia. Lenzi ikigoma kutoka, tafuta skrubu ndogo ubavuni mwa mrija kabla ya kuvuta kwa nguvu. Hakikisha pia kuna lenzi ya kupunguza picha, kama ya 0.5x, la sivyo utaonyesha kipande cha katikati tu.

Muuzaji atakuimbia megapikseli. Mwache aimbe. Lenzi ya 40x ya kawaida hutenganisha vitu vilivyoachana kama nusu maikromita, na eneo unaloliona lina upana wa karibu milimita 0.45. Ukipiga hesabu ya pikseli mbili kwa kila nusu maikromita, pikseli 2,000 hivi kwa upana zinatosha, yaani megapikseli 3 hadi 5. Zaidi ya hapo unalipia namba, na kwa USB 2.0 picha itakwamakwama kila unaposogeza slaidi. La kuuliza ni kama kompyuta inaitambua bila kusakinisha chochote. CD iliyo ndani ya boksi haina pa kuingia kwenye laptopu za siku hizi.

2. Kishikizo cha simu

Simu nzuri hutoa picha safi kuliko kamera nyingi za bei ya chini. Tone la maji kutoka mikoko ya Tudor hapa Mombasa, viumbe wakikimbia huku na huku, utalirekodi vizuri sana. Chagua kishikizo chenye skrubu za kurekebisha pande zote mbili, kwa sababu simu ikihama milimita moja tu duara linageuka kiza. Kinachoiangusha nafasi ya pili ni kwamba simu ni ya mwalimu: inaondoka naye jioni, na ujumbe wa WhatsApp wa nyumbani unaweza kuruka ukutani mbele ya kidato kizima.

3. Kamera ya HDMI

Inaingia moja kwa moja kwenye runinga, haihitaji kompyuta, wala picha haichelewi. Bei ndiyo imeiweka hapa.

4. Kijiti cha USB chenye kamera, kilichoandikwa "1000x"

Hiyo 1000 imetokana na ukubwa wa picha kwenye skrini, lenzi haina uwezo huo. Kwa mguu wa mende au punje za mchanga wa pwani kinafaa. Kwa seli, hapana.

Hadubini yenye mrija wa tatu wa kamera ni nzuri, ila fikiria hiyo siku shule inanunua hadubini mpya.

Kama hadubini zenu ni za kioo cha kuakisi mwanga, si za taa, kuna mtego: ukifunga mapazia ili projekta ionekane, kioo nacho kinakosa mwanga. Ongeza tochi ya LED kwenye orodha ya manunuzi. Kioo kisielekezwe kwenye jua hata kidogo, kwa usalama wa macho. Na kwa unyevu wetu huu wa Mombasa, kuvu huota juu ya lenzi, hivyo hifadhi kamera kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na ukiitoa rudisha lenzi ya jicho mahali pake vumbi lisiingie mrijani.

Ukienda dukani, beba hadubini yenyewe na slaidi mliyotengeneza shuleni. Jaribu hapo hapo kaunta kwa lenzi ya 40x, kisha risiti iandikwe jina la shule.