Hedifoni za gemu na besi katika joto la Unguja: tatu nilizoziacha na moja niliyobaki nayo

Mie nakaa Michenzani, chumba kimoja na mdogo wangu, ukuta mmoja na chumba cha mama. Usiku nacheza Counter-Strike 2 kwenye kompyuta, mdogo wangu yuko na PUBG kwenye simu, na kabla sijalala lazima nipate muziki wangu: singeli, amapiano, na ile drum and bass ya Uingereza. Miziki yote mitatu uhai wake uko chini, kwenye besi. Nikawa natafuta hedifoni moja tu, inipe besi iliyoshiba na papo hapo inisikilizishe adui anaponinyemelea kwa nyuma. Kila niliyemuuliza aliniambia hayo mawili hayakai pamoja, ukitaka besi utazikosa hatua. Imenichukua miaka mitatu na jozi nne kuona kuwa yanakaa, ila hayakai kwenye zile hedifoni tunazouziwa kwa jina la besi.

Za mwanzo nilizinunua Darajani kwa shilingi 45,000. Zina taa za rangi, zina maiki ya kukunja, na boksi limeandikwa 7.1 kwa tarakimu kubwa, yaani sauti ya kukuzunguka pande zote. Muuzaji aliniwekea wimbo wake mwenyewe, akapandisha sauti mpaka mwisho, akaniuliza, "Sheikh, besi hilo, unalionaje?" Lilikuwa linapiga kweli. Nikalipa, nikaondoka na furaha yangu.

Furaha ilikatika usiku ule ule. Kwenye ramani ya Inferno kuna njia ya kupandia upande wa B, wachezaji wanaiita Banana, na anayeilinda anaishi kwa masikio. Bomu la mkono likiripuka, mvumo wake ulibaki masikioni kama ngoma iliyopigwa chumba cha pili, na ulipotulia adui alikuwa keshanifika. Si mara moja, kila raundi. Muziki nao ulinionesha mambo. Wimbo ambao besi yake inashuka ngazi kwa ngazi, mie nilisikia noti moja tu inarudiwa: vu, vu, vu. Zile za chini kabisa hazikuwepo.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye, na ndiyo kiini cha yote ninayoandika hapa. Sikio la mtu lina tabia hii: sauti nzito ikiwa kubwa huimeza iliyo juu yake, lakini nyembamba haiimezi nzito kwa kiasi hicho. Sasa, hedifoni za bei ndogo nyingi haziwezi kushuka kwenye hezi 30 au 40 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa michache sauti ni nzito), kule kwenye besi ya kweli. Mtengenezaji anafanya nini? Anainyanyua sehemu ya kwenye 100 hadi 200, kwa sababu hiyo ndiyo inayomvutia mtu akisikiliza dukani kwa dakika moja. Hapo ni jirani kabisa na sauti za watu na vishindo vya miguu, kwa hiyo vyote vinafunikwa, na gemu inasikika kama umetia kichwa ndani ya mtungi. Besi *nyingi* na besi ya *chini* ni vitu viwili tofauti. Mchezaji anayependa muziki mzito anataka ya chini.

Na ile 7.1? Ndani mna spika mbili, moja kila sikio, basi. Zilizobaki ni hesabu za programu. Mtu anajua sauti imetoka upande gani kwa tofauti ndogo sana ya muda na ukubwa baina ya sikio moja na jengine, na gemu yenyewe inaifanya kazi hiyo kwa hedifoni ya kawaida ya spika mbili. Ukiwasha na ya hedifoni, unapiga hesabu juu ya hesabu, na upande unapotea. Siku niliyoizima ndiyo siku niliyoanza kujua mtu yuko kulia au kushoto. Kama unazo za namna hii na huna pesa ya nyengine, anzia hapo.

Kilichozimaliza lakini hakikuwa sauti. Kilikuwa kaskazi. Januari, umeme umekatika, pangaboi limesimama, jasho linateremka kwenye mito ya ngozi bandia. Ijumaa moja natoka kwenda msikitini, mama akanishika bega mlangoni: "We, masikioni una nini?" Vipande vyeusi vidogo vidogo kama masizi vimeganda nyuma ya sikio na vyengine vimeshuka kwenye shingo ya kanzu nyeupe. Ngozi ilikuwa inabanduka. Katika hali ya hewa yetu, kitu cha kwanza ninachokishika dukani sasa ni mito, kabla hata sijauliza bei.

Za pili hazikuwa na waya, za Bluetooth. Kwa muziki sikuwa na neno nazo. Kwa gemu nilizirudisha ndani ya boksi wiki ile ile. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150, 200, hata zaidi. Mtu anayesikiliza muziki tu hawezi kugundua, kwa sababu hana cha kulinganishia. Ukicheza utaligundua tu: unabonyeza, risasi inatoka, mlio unafuata. Nitalieleza kwa singeli. Singeli ya midundo 240 kwa dakika ni midundo minne kila sekunde, yaani baina ya mdundo na mdundo ni milisekunde 250. Kuchelewa kwa 200 ni karibu mdundo mzima. Sasa fikiria kuchelewa hivyo mbele ya mtu mwenye bunduki. Ziko hedifoni zisizo na waya zinazokuja na kidude chao cha kuchomeka USB, hizo ni za haraka na watu wanazichezea vizuri. Muulize muuzaji ni za aina gani kabla hujatoa pesa.

Za tatu hazikuwa zangu. Rafiki yangu wa Kikwajuni aliniazima zake za mgongo wazi, zile ambazo vikombe vyake nyuma vina matundu. Wallahi sijapata kusikia hatua namna ile. Uwanja wote ulifunguka, nikajua mtu yuko ghorofa ya juu, anatembea juu ya mbao, anageuka. Lakini upepo unaotoka nje unatoka na besi ya chini pamoja nao. Pangaboi lilikuwa linaingia, honda za barabarani zinaingia, na muziki wangu wote unatoka nje. Saa saba za usiku mama aligonga ukuta. Anayekaa peke yake kwenye nyumba yenye utulivu na anayeipenda gemu kuliko muziki, azichukue za wazi bila ya kufikiri mara mbili. Mie siye.

Basi nikajua ninachokitaka: mgongo uliofungwa, waya, mito ya kitambaa, na besi inayoshuka. Nilisoma, nikauliza, nikaishia kwenye Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, ikiwa nyingi hedifoni inataka nguvu zaidi). Ni hedifoni za studio, za kampuni ya Heilbronn, Ujerumani, iliyoanza Berlin mwaka 1924. Hazina taa hata moja. Mjomba wangu wa Maskati alikuja nazo alipokuja kututembelea, zikanitoka karibu laki nne. Ni pesa, sikatai. Nilikusanya miezi saba.

Usiku wa kwanza niliweka ule wimbo wa besi inayoshuka ngazi. Noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne ambayo miaka yote sikujua kuwa ipo. Haikuja kwa kelele. Ilikuja kama mtu aliyefungua mlango wa ghala, unauhisi uzito wa hewa kwanza kisha ndio unasikia sauti. Nikaweka singeli, maana singeli ndiyo mtihani mgumu: mdundo ukichelewa kunyamaza unaukanyaga unaofuata, na kwenye midundo minne kwa sekunde hakuna nafasi ya uvivu. Ulikuwa unapiga, unakata, unapiga, unakata. Halafu nikarudi Inferno, Banana, pale pale. Bomu likaripuka, zito kuliko nilivyowahi kulisikia, na ndani ya mvumo wake nikasikia kiatu juu ya mawe upande wa kushoto.

Vikombe vyake vinaziba kelele za nje kwa kiasi cha desibeli 18 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa maelezo ya mtengenezaji, nami nasema pangaboi limegeuka mnong'ono. Faida yake kubwa ni kuwa sihitaji kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Sisi wa gemu na besi saa hizo tunazimaliza upesi sana. Ukitoa hedifoni na masikio yanalia "nziii", umeshapita. Nawaomba vijana walichukulie hili kwa uzito, sikio likiharibika halina fundi.

Mito yake ni ya bahameli ya kijivu. Kaskazi nzima imepita na jasho linakauka, hakuna kilichobanduka. Angalizo moja: kuna DT 770 Pro ya omu 32, waya mfupi, ambayo mito yake ni ya ngozi bandia. Kwa simu inafaa zaidi kwa sababu haihitaji nguvu nyingi, ila kwa joto letu mie ningebadilisha mito. Hii ya omu 80 kwenye kompyuta inatosha bila ya amplifaya. Kwenye simu ya mdogo wangu inasikika, lakini inakuwa ndogo. Ya omu 250 waachie wenye vifaa vya studio.

Kuna jambo ambalo sijaona mtu akilisema, na kwetu ni kubwa. Dada yangu alizijaribu sebuleni, mtandio uko kichwani, hedifoni juu yake. Nikamwekea amapiano. Akanitazama: "Mbona hazina besi hizi? Laki nne umetoa?" Niliumia. Kumbe kitambaa kinaacha uwazi baina ya mto na ngozi, na besi ya chini ndiyo ya kwanza kukimbia kwenye uwazi. Alipoingia chumbani akavaa hedifoni kwanza, mtandio juu yake, ile *log drum*, ngoma nzito ya besi ya amapiano, ilipoingia alikaa kitandani, akanyamaza, wimbo ukaisha, akaniambia niurudie. Miwani yenye mikono minene inafanya hivyo hivyo, na kofia ukiiteremsha mpaka masikioni pia. Kabla hujasema hedifoni hazina besi, zibane kwa viganja kidogo. Besi ikirudi, tatizo ni uwazi.

Hazina maiki, na hili ulijue mapema. Nimenunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ya bei ndogo tu, wenzangu wanasema wananisikia vizuri kuliko zamani. Ukichezea PlayStation 5, kidude cha mkononi kina maiki yake ndani na tundu la kuchomeka hedifoni, kwa hiyo huhitaji kitu. Waya ni wa mita 3 na hauchomoki, kwa hiyo usiukanyage kwa gurudumu la kiti. Wangu nimeufunga fundo la uzi kwenye mguu wa meza.

Sauti zake za juu zimenyanyuliwa. Kwenye gemu zinasaidia, kwenye matoazi ya drum and bass baada ya saa mbili zinachosha. Dawa yake ni Equalizer APO, programu ya bure ya Windows ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti: nimeshusha desibeli 4 kwenye hezi 8,000. Kwa muziki nimeongeza 3 kwenye 40, kisha nikaipunguza sauti yote kwa 3 hizo hizo, la sivyo besi inapasuka. Kwa gemu sijaongeza kitu chini.

Huna laki nne? Usilazimike. Mie ningetafuta za waya, zilizofungwa, zenye mito ya kitambaa, hata za mtumba zenye jina la studio, kuliko mpya zenye taa. Na nenda dukani na wimbo wako kwenye simu yako, wimbo ambao besi yake inabadilika noti. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Ami, naomba nisikilize wangu." Zihesabu noti. Weka na mtu anayezungumza juu ya besi, uone kama maneno yanabaki safi. Zivae dakika kumi, si moja, uone mbano na joto. Akikataa, ondoka, Mlandege ina maduka chungu nzima.

Mito yangu imeanza kulala kidogo upande wa kulia, upande ninaolalia nikisikiliza. Inachomoka na kubadilishwa kwa mkono, nimeshampigia mjomba, na akija kabla ya Ramadhani atakuja na jozi mbili: moja yangu, moja ya dada, maana hedifoni hizi sasa usiku tunagombania.