Goji kavu: uzoefu wangu (kama mapichi yanakuwasha soma kwanza)

Mi naishi Barcelona, huku goji kavu zimejaa kila duka la vyakula vya afya, vile vitunda vyekundu vidogo vya China, nyingi zinalimwa Ningxia, wanaziita supafudi. Kwa ladha sina neno, zina utamu wa mbali na kauchachu fulani, nilikua natia kwenye uji wa oti asubuhi. Mfuko una zipu nzuri, matunda hayajagandana. Shida yangu iko kwingine kabisa.

Siku hiyo nimebugia kiganja kizima nikaenda jimu, katikati ya mazoezi mdomo ukaanza kuwasha, mara midomo imevimba, mabaka shingoni hadi tumboni, koo nalo linabana. Hospitali wakanichoma adrenalini, baadae nikapelekwa kwa daktari wa aleji na swali lake la kwanza eti mapichi unakulaje?? Nikamwambia yananiwasha mdomo ndo maana huwa namenya ganda. Akacheka, akasema tupime. Wanakudondoshea matone mkononi halafu wanachomachoma kidogo, pichi likatoa uvimbe na goji ikatoa uvimbe.

Kumbe kuna protini za mimea zinaitwa LTP, zenyewe zinabeba mafuta ndani ya mmea, ziko kwenye pichi (hasa ganda), goji, nyanya, jozi (zile njugu, walnut) na vingine kibao, na zinafanana, kwahiyo mwili ukishachukia ya pichi unaweza kuivamia ya goji hata kama ndo unaionja kwa mara ya kwanza. Ubaya wake haziharibiki kirahisi kwa moto wala tumboni, sasa wale wa kusema chemsha kwanza, hapana. Alafu mazoezi, pombe au vidonge kama ibuprofen vinaweza kuongeza makali, ndo maana siku zingine nilikula nikiwa nimekaa tu nyumbani sikuona kitu. Uhispania aleji ya LTP inajulikana sana na madaktari wa huku wameshaandika kesi za goji.

Mfukoni hakuna onyo lolote. Kisheria hawajakosea, Umoja wa Ulaya una vyakula 14 ambavyo lazima vionyeshwe wazi kwenye lebo, goji haimo, pichi lenyewe halimo. Ila kama wameweza kujaza mgongo wa mfuko kwa sifa za vitamini, mstari mmoja wa "una aleji ya pichi? kuwa makini" ungewagharimu nini jamani.

Na kitu kingine, bi mkubwa Tanga alishaniagiza nimtumie, yeye yuko kwenye warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande), daktari akasema usithubutu, goji inaongeza nguvu ya hiyo dawa mtu anaweza kuvuja damu.

Nyota 3, za ladha na mfuko. Duka limegoma kurudisha hela kisa umefunguliwa, nimempa jirani, yeye mapichi anakula na ganda lake na hajawahi kuwashwa.