Kabla Hujanunua Begi la Safari, Lipime Likiwa Tupu

Karibuni, watazamaji. Mezani hapa nina mabegi matatu ya safari, yote ya ukubwa wa kuingia nayo ndani ya ndege: la kwanza ni la magurudumu lenye ganda gumu, la pili ni la mgongoni ambalo zipu yake huzunguka pande tatu na kulifungua lote, na la tatu ni la kitambaa laini, lile la kubeba mkononi au kuning'iniza begani. Sitataja kampuni zilizoyatengeneza, kwa sababu matoleo hubadilika kila mara, na ninachotaka upate leo ni jicho la kukagua begi lolote utakalokutana nalo dukani.

Ninaanza na mizani, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopapita bila kutazama. Mashirika mengi ya ndege huruhusu mzigo wa mkononi wenye kilo 7, mengine kilo 8 au 10, na uzito huo unahesabiwa pamoja na begi lenyewe. Begi hili la ganda gumu, likiwa halina hata leso ndani yake, lina kilo 3.1. Kwa hiyo abiria aliyewekewa kikomo cha kilo 7 anabakiwa na kilo 3.9 tu za vitu vyake, na kompyuta yake pamoja na chaja ikishaingia, sehemu kubwa ya kiasi hicho imekwisha. Begi la mgongoni lina kilo 1.2, nalo linamwachia kilo 5.8. Hilo la kitambaa laini lina gramu 700 tu. Tofauti ya karibu kilo 2 kati ya begi la kwanza na la pili inatosha suruali moja, mashati mawili, sweta jepesi na nguo zote za ndani utakazohitaji, na ndiyo maana nasema kwamba kufungasha kwa wepesi huanzia kwenye begi kabla ya kuanzia kwenye kabati la nguo.

Baada ya uzito hufuata vipimo. Kipimo cha sentimita 55 kwa 40 kwa 20 ni miongoni mwa vile vinavyotumiwa sana, na ukizidisha namba hizo unapata lita 44. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kimetoa mwongozo wa 56 kwa 45 kwa 25, lakini mwongozo huo hauyafungi mashirika, na kila moja lina kipimo chake linachokisimamia kwenye lango la kupandia ndege. Angalia pia jambo hili: kipimo cha shirika huhesabu magurudumu, mishikio na mifuko ya nje, ilhali lebo ya dukani wakati mwingine hutaja ganda peke yake. Chukua tepu, simamisha begi sakafuni, upime kuanzia chini ya gurudumu hadi juu ya mshikio. Nimefanya hivyo kwa begi hili, na urefu ulioandikwa kwenye lebo yake umeongezeka kwa sentimita 3, kiasi kinachotosha kulizuia lisiingie kwenye kile kifaa cha kupimia mizigo.

Tulitazame sasa begi la magurudumu lenyewe. Hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ya sanduku la kuvutwa kwa magurudumu ilitolewa nchini Marekani mwaka 1972 kwa Bernard Sadow, na mwaka 1987 Robert Plath, rubani wa Northwest Airlines, alibuni lile linalosimama wima na kuvutwa kwa mpini mrefu. Naitaja historia hiyo kwa sababu inaeleza ubora na udhaifu wa begi la aina hii hata leo. Lilibuniwa na mtu aliyefanya kazi katika viwanja vya ndege, juu ya sakafu laini, na mahali kama hapo hakuna begi linalolishinda. Mgongo unapumzika, mabega yanapumzika, na mtu mwenye maumivu ya kiuno anasafiri kwa heshima. Ugumu unaanza pale sakafu inapokwisha. Kwenye kokoto, mchanga, ngazi au barabara yenye mashimo, magurudumu hayakusaidii tena, na begi lililo zito tangu likiwa tupu sharti libebwe kwa mkono mmoja.

Kama utalichagua, kagua mambo mawili. La kwanza ni magurudumu. Manne yanayozunguka pande zote huteleza kwa raha ukumbini, lakini huchomoza nje ya ganda na kula sehemu ya vipimo vyako. Mawili yaliyozama kwenye pembe za begi huvumilia zaidi njia mbaya na huacha nafasi kubwa zaidi ndani. La pili ni ganda. Weka kiganja katikati ya upande mpana, ukandamize. Ganda la polikaboneti, aina ya plastiki, hubonyea kidogo kisha hurudi mahali pake, na huko kubonyea ndiko kunakoliokoa linaporushwa. Plastiki ya ABS ni ngumu zaidi na kwa kawaida ni ya bei nafuu zaidi, ila ikipigwa kwenye pembe ni nyepesi kupasuka. Kisha lifungue, utazame upande wa mgongo. Hizi nondo mbili za mpini zimepita ndani na kuacha matuta, na matuta hayo, pamoja na nafasi iliyochukuliwa na magurudumu, ndiyo sababu begi ambalo kwa nje ni la lita 44 haliwezi kumeza nguo za lita 44.

Begi la mgongoni ndilo nililopanga kulizungumzia kwa kirefu, kwa kuwa ndilo lenye tofauti kubwa kati ya zuri na baya, na tofauti hizo huwezi kuziona kwenye picha.

Nianze na kitambaa. Utakuta lebo ina namba yenye herufi D, kama 210D, 420D au 1680D. Hiyo ni denieri, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ina maana ya uzi mnene, na wauzaji hupenda kuisifia, lakini uzi mnene ni uzi mzito. Kwa begi litakalokaa mgongoni mwako na katika kabati la juu ya viti, nailoni ya 420D inatosha kabisa; ile ya 1680D inamfaa mtu ambaye begi lake huburutwa na kurushwa mara kwa mara. Aina ya uzi nayo ina uzito wake katika uamuzi, kwa kuwa nailoni kwa kawaida hustahimili mikwaruzo kuliko poliesta ya unene uleule, wakati poliesta hustahimili zaidi jua.

Sogea karibu uone mshono. Hapa mkanda wa bega unapoingia kwenye begi ndipo mzigo wote unaponing'inia kila unapolinyanyua. Katika begi hili mshono umekwenda kwa umbo la mraba, ukapitishwa msalaba katikati, na ukingoni kuna mistari mifupi iliyoshonwa kwa kurudiwarudiwa hadi uzi umesongamana. Huo ni mshono wa mtu aliyefikiria begi likiwa limejaa. Ukikuta mstari mmoja ulionyooka, na vitundu vya sindano vinaonekana kupanuka ukivuta, liache hapohapo. Geuza pia begi ndani nje utazame kingo za kitambaa: zikiwa zimefunikwa kwa utepe, ni salama, zikiwa zinachuruza nyuzi tangu dukani, zitaendelea kuchuruza hadi mshono uachie.

Zipu ndiyo huua mabegi mengi kuliko kitu kingine chochote, na inasikitisha kwamba ndiyo sehemu ambayo wanunuzi huigusa mara moja tu. Pindua kile kichwa cha zipu utazame nyuma yake. Mara nyingi kuna namba iliyochapwa, 5, 8 au 10, na namba hiyo inakaribia upana wa meno yake kwa milimita yakiwa yamefungwa. Kwa mlango mkuu wa begi la safari napendekeza 8 au 10, na 5 ibaki kwenye mifuko midogo. Baada ya hapo jaza begi, ulifunge, na uendeshe zipu taratibu kwenye pembe, kwa sababu pembeni ndiko zipu hukwama na ndiko meno huachana. Kwa faida yako, zipu inayofungika kisha ikaachia nyuma ya kichwa chake mara nyingi haijafa meno. Kilichochoka ni kichwa, na kukibana kidogo kwa koleo pande zote mbili humaliza tatizo kwa muda mrefu.

Linalofuata ni mwili wako. Begi la lita 40 halimfai kila mtu kwa sababu tu ni la lita 40. Inamisha kichwa, tafuta kwa kidole ule mfupa uliochomoza chini ya shingo, kisha mwambie mtu akupime kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Huo ndio urefu wa mgongo wako, nao hauendi sambamba na kimo chako: watu wawili wenye kimo sawa wanaweza kupishana sentimita kadhaa. Mkanda wa kiunoni una kazi ya kuhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga, na ukikaa tumboni badala ya nyongani, kazi hiyo haifanyiki. Kwa mzigo wa kilo 7 mkanda mnene wa kiunoni si lazima, bali ule mwembamba wa kifuani, unaozuia mikanda ya bega isiteleze, ndio ambao nisingekubali ukosekane.

La tatu, begi laini, sitakaa nalo sana. Ni jepesi, linakunjika, na linajipenyeza mahali ambapo ganda gumu hukataa. Linamfaa anayetoka kwenye gari na kuingia mlangoni. Likivuka kilo 5, kulibeba kwa bega moja kwa nusu saa ni adhabu, na vitu vilivyomo huporomokea katikati.

Kuhusu kufungasha, kuna jambo moja linalopotosha watu wengi kwa nia njema. Vile vifuko vya kubana nguo hupunguza nafasi; havipunguzi uzito hata kwa gramu moja. Ukiviingiza kwenye begi, unapata nafasi mpya, unaijaza, na mizani inakuumbua uwanjani. Mimi navitumia, lakini vile vya kawaida visivyobana, kwa ajili ya utaratibu. Kinachopunguza uzito ni kuamua kwamba utafua. Mtu anayekubali kufua njiani anahitaji nguo za siku nne au tano, awe anakwenda kwa wiki moja au kwa mwezi. Hapo aina ya kitambaa inakuwa na maana: pamba nzito hunywa maji na kuchelewa kukauka, poliesta hukauka upesi lakini hushika harufu, na sufu nyepesi huvaliwa mara kadhaa bila kunuka. Jozi nzito ya viatu ivae siku ya safari. Nyingine nyepesi iingie begini, na soksi ziingie ndani yake. Vitu vizito vikae katikati, vikigusa mgongo, kwa kuwa vikikaa mbali na mgongo vitakuvuta nyuma hata kama jumla ya uzito haijabadilika.

Vimiminika bado vinabanwa, katika viwanja vingi, na kanuni iliyoanza mwaka 2006: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vikae kwenye mfuko unaoonyesha ndani wa lita 1. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimelegeza, lakini unarudi kupitia kiwanja kingine. Sabuni ya mche, ya mwili na ya nywele, inakuondolea suala hilo lote.

Pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, inahitaji uangalifu zaidi. Hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia sehemu ya mizigo, na kikomo cha kawaida bila kuomba idhini ya shirika ni wati-saa 100, kipimo cha nishati ya betri. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 (zidisha hizo mbili, ugawe kwa 1,000) ni wati-saa 74, hivyo iko salama. Iweke kwenye mfuko wa nje, pamoja na dawa na hati zako, kwa sababu ndege ikijaa mhudumu anaweza kulichukua begi lako langoni na kulipeleka chini, na utatakiwa kuitoa papo hapo mbele ya foleni. Begi la magurudumu lenye betri iliyojengewa ndani isiyotoka nisingelinunua hata kidogo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa msafiri anayebadilisha mabasi, anayepanda ngazi na asiyejua barabara ya mwisho ikoje, begi la mgongoni la lita 35 hadi 40 lisilozidi kilo 1.5 likiwa tupu ndilo ninalolipa nafasi ya kwanza. Kwa mwenye shida ya mgongo, au anayetoka kiwanja cha ndege moja kwa moja hadi hotelini, la magurudumu linastahili kilo zake, mradi atafute lisilozidi kilo 2.5. Lolote utakalochagua, usikate lebo siku hiyohiyo. Weka ndani vitu vyako halisi, lipime, kisha tembea nalo nusu saa nje ya nyumba, ukipanda na kushuka ngazi na kulinyanyua juu ya kichwa mara kadhaa. Bega likianza kuuma ndani ya nusu saa hiyo, au mshikio ukikukata vidole, lirudishe dukani kesho yake risiti ikiwa bado mkononi.